Aliye Peke Yake Chomboni Hana wa Kumsingizia

Kitabu kilifika Kamanyola, mji wetu wa bonde la Ruzizi huku Kongo, ndani ya mfuko wa unga. Mpwa wangu alikitoa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, alikozaliwa na kukulia. Kiliponifikia, jalada lilikuwa limechanika na kurasa za mwisho zimevimba kwa unyevu. Ni kumbukumbu za Tania Aebi, msichana wa New York aliyeng'oa nanga Mei 1985 akiwa na miaka 18, peke yake ndani ya mashua ya tanga isiyofika mita 8, akaizunguka dunia, akarudi kwao Novemba 1987. Aliziandika akisaidiwa na Bernadette Brennan, zikachapishwa 1989 kwa jina la Maiden Voyage. Mimi ni mwalimu. Kitabu kikiingia nyumbani mwangu hakilali kimefungwa. Nikaanza kuwasomea vijana wa mtaa wetu jioni, nikikigeuza kwa Kiswahili papo hapo, sentensi baada ya sentensi. Tulikuwa tumefika Panama wazazi walipokuja.

Walikuja wanne, kwa heshima, wakapewa viti. Mzee aliyewatangulia hakuzunguka. "Mama Mwalimu," alisema, "hawa watoto unawafundisha kuondoka." Mama aliyekaa kando yake akaongeza kwamba kitabu cha mtu mmoja ndani ya chombo kimoja ni kitabu cha mtu aliyewakimbia watu wake, na kwamba sisi tulilelewa tukiambiwa kidole kimoja hakivunji chawa. Wa tatu alisema huo ni mchezo wa watoto wa matajiri, wala hautuhusu. Wa nne hakutoa hoja. Aliniuliza tu: "Ungekuwa na binti anayetaka hivyo, ungemruhusu?"

Swali la wa nne nitalijibu mwishoni. Hoja za wale watatu hawakuzitunga wao. Nimezisikia mimbarini, nimezisikia redioni, nimezisikia kwa walimu wenzangu tukinywa chai. Ndiyo fikra inayotawala huku kwetu bondeni hadi Uvira, na kushuka na mwambao hadi Fizi: kwamba sisi ni watu wa watu, kwamba kila jambo jema hufanywa kwa pamoja, na kwamba kijana anayevutiwa na safari ya peke yake ameshaanza kupotea. Nasema fikra hiyo ni ya makosa. Nasema zaidi ya hapo: juu ya maji, inaua.

Lakini kwanza niwape haki yao. Mwaka 1996 vita vilipoingia bonde la Ruzizi na kuishukia Uvira, watu walikimbilia ziwa Tanganyika, na wengi wakavukia Kigoma kwa mitumbwi na maboti. Wapo watoto waliovuka wakiwa wameshikwa mkono na watu wasiowajua. Kwa mzazi wa hapa, maneno "peke yake" hayana ushujaa wowote ndani yake. Yanamrudishia sura ya mtoto aliyeitwa jina usiku mzima ufukweni asiitike. Nalijua hilo, nimezaliwa Mboko, mwambaoni, na nina majina yangu mwenyewe ya kuita. Ila mtoto aliyepotezwa na vita hakuchagua njia. Hakuwa na ramani, hakuwa na chakula kilichopimwa, hakuna aliyemsubiri bandari fulani tarehe fulani. Ukimtia yeye na Aebi ndani ya neno moja umewaonea wote wawili, na zaidi umemwonea yule wa kwetu, kwa sababu umeyafanya yaliyomkuta yafanane na safari.

Wanaokilaumu kitabu hiki hawajakisoma. Siwalaumu kwa hilo, nakala ni moja. Wanadhani kimejaa mawimbi na majigambo. Mawimbi yapo, lakini kinachojaza kurasa ni kazi. Maji yanaingia mahali na lazima yatafutwe yanapoingilia, kisha yakumbwe ngamani. Injini inakataa kuwaka. Upepo ukizidi tanga lipunguzwe, ukilegea likunjuliwe, saa yoyote, hata kama mwili unaomba kulala. Chakula kihesabiwe. Paka alishwe. Usingizi wenyewe wa baharia wa peke yake ni wa vipande: anajilaza kidogo, anaamka, anatazama upeo wote wa macho kama kuna meli, anajilaza tena. Vijana wangu, waliokuja wakitegemea papa na maharamia, walianza kuuliza maswali ya mafundi. Boliti ya chuma ndani ya maji ya chumvi inadumu siku ngapi? Betri inachajiwa na nini?

Kilichowashika zaidi ni hesabu ya kujua uko wapi. Mwaka 1985 mashua ndogo kama ile kwa kawaida haikuwa na kifaa cha setelaiti cha kukuonyesha mahali ulipo kwenye kioo. Aebi alitumia sekstanti. Unapima jua liko juu kiasi gani kutoka kwenye mstari wa maji na anga, unatazama saa, unafungua majedwali, unapiga hesabu kwa kalamu huku meza inakukimbia. Kosa la dakika moja ya pembe ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Saa yako ikikosea sekunde 4 tu, karibu na Ikweta umeshajisogeza maili nzima mashariki au magharibi ya pale unapodhani upo. Na ukikosea hakuna wa kumtupia. Hakuna msaidizi aliyesoma vibaya, hakuna mkubwa aliyetoa amri mbaya, hakuna jirani aliyekuponza. Unarudi kwenye karatasi yako unatafuta kosa lako. Mengi ya haya alijifunza akiwa ameshaondoka, kwani kabla ya safari alikuwa mpeleka barua kwa baiskeli mitaani New York. Hapo vijana wawili wanaoendesha pikipiki za kukodi kati yetu na Luvungi walitazamana, na toka jioni ile wao ndio waliowahi kufika kuliko wote.

Sasa hiyo methali ya kidole na chawa. Kitabu cha msafiri wa peke yake kimejaa watu kuliko riwaya nyingi nilizosoma. Yupo baba, ambaye ndiye aliyempa binti yake achague kati ya chuo na mashua, akainunua mashua. Wapo mabaharia wa bandari mbalimbali waliomsaidia kutengeneza kilichovunjika na kumwonyesha njia. Katika Pasifiki ya Kusini alimpakia rafiki kwa maili 80 hivi, kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kwa ajili ya maili hizo 80 safari yake haikutambuliwa kuwa rekodi ya mtu wa peke yake. Maili 80 kati ya maelfu kwa maelfu! Nilipofika hapo katika kujisomea mwenyewe nilikifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Kwa wenye kutunza rekodi, "peke yake" ni hesabu ya mikono iliyomo chomboni. Wazazi wa Kamanyola wanaifanya kuwa hesabu ya mapenzi, kama kwamba msichana yule aliamka siku moja akawafuta watu moyoni. Robin Lee Graham, mzungukaji mwingine wa dunia peke yake, aliyeondoka California Julai 1965 akiwa na miaka 16 na kurudi Aprili 1970, alimpata mke njiani, na katika kitabu chake Dove hafichi kwamba upweke ulimtesa kuliko tufani. Mtu anayewachukia watu hateswi na kuwakosa.

Tena nasema hivi: anayeishi ndani ya kundi hahesabu madeni yake. Mimi hapa sijui nani alichonga mlango wa nyumba yangu. Aliye peke yake katikati ya bahari anajua nani alishona tanga lake, nani alimfundisha fundo lile, nani alimwambia abebe spea ya pampu. Anajua kwa sababu usiku kamba inapokatika, jina la aliyeifunga linakuja kichwani kabla ya jina la Mungu. Sijaona shukrani iliyo makini kama ya mabaharia hawa.

Wale wazazi wangependa nimtaje Laura Dekker, na nitamtaja, kwa sababu kisa chake kinaonekana kuwa upande wao. Mwaka 2009, akiwa na miaka 13, alisema anataka kuzunguka dunia peke yake. Mahakama ya Uholanzi ikamzuia na kumweka chini ya uangalizi wa idara ya watoto. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa. Katika muda huo ilibidi ajiandae: chombo kikubwa zaidi, huduma ya kwanza, namna ya kuhimili kukosa usingizi, masomo atayaendeleza vipi. Aliondoka 2010 akiwa na miaka 14, akaimaliza safari kisiwani St Maarten tarehe 21 Januari 2012, akiwa na miaka 16. Mnaona, wananiambia, hata wazungu walimzuia. Ndiyo, walimzuia, na mimi naipigia makofi mahakama ile. Serikali nzima ilisimama mbele ya chombo kimoja, chenye mtu mmoja, ikauliza: umejiandaa? Utalala vipi? Kikiharibika hiki utafanya nini? Naomba mtu anionyeshe siku ambayo swali hilo limeulizwa Kalundu, bandari ya Uvira, kwa chombo chenye watu mia.

Tushuke basi Kalundu. Boti la mbao linapakia tangu asubuhi: saruji, magodoro, kreti za bia, madumu ya mafuta ya mawese, mbuzi, na watu juu ya mizigo. Mwenye boti anadhani kapteni amepima uzito. Kapteni anadhani wa bandari amepima. Wa bandari ameona karatasi, na karatasi imesema sawa. Abiria anapanda, anawakuta wenzake wamekaa kwa utulivu wanamenya machungwa, anajiambia watu wengi hivi hawawezi wote kuwa wamekosea. Kila mmoja amemkabidhi mwenzake roho yake, na mwenzake naye amefanya vilevile, mpaka ukiufuata mnyororo hadi mwisho hukuti mtu. Hiyo ndiyo "mtu ni watu" ninayoiona bandarini. Imekuwa mahali pa kujificha.

Na ziwa lenyewe si la kujifichia. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, na kina chake kinafika mita 1,470. Wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unavuma kufuata urefu huo wote, hivyo wimbi linalopiga mwambao wa Uvira limekuja likikua njia nzima. Mvuvi anajua. Abiria aliyekaa juu ya saruji naye anajua, amezaliwa hapo. Ila anajua kama mtu mmoja kati ya mia, na ujuzi wa mtu mmoja kati ya mia hauinuki kusema.

Desemba 2014 boti la Mutambala lilipinduka katika ziwa hili hili, na waliokufa walizidi 120. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti la Merdi, lililotoka Minova, lilizama ziwa Kivu mbele ya Kituku, Goma, macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao yakilitazama. Idadi ya waliokuwamo na waliokufa ilitajwa hivi na vile kwa siku kadhaa. Meli ya Bukoba ilipozama ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hebu tulifikirie hilo sisi tunaojisifu kwa kuwa watu wa watu. Tunawapakia watu mamia ndani ya chombo na hatuandiki majina yao. Yule tunayemwita mbinafsi, baharia wa peke yake, anaandika kila siku saa, upepo, mahali alipo, kilichoharibika na alichokosea. Nani hapo anayemheshimu binadamu?

Jessica Watson wa Australia alikuwa na miaka 16 alipogonga meli kubwa ya mizigo, Septemba 2009, usiku, wiki chache kabla ya safari yake kuu ya kuizunguka dunia. Alikuwa amejilaza kidogo. Mlingoti wake ukavunjika. Wakaguzi wa usalama wa usafiri wa nchi yake wakachunguza ajali ile na kuitolea ripoti, na magazeti yakamwandama yeye na wazazi wake. Alitengeneza mashua, akaondoka Sydney Oktoba 18, akarudi Mei 15, 2010, siku 3 kabla ya kutimiza miaka 17. Katika kitabu chake, True Spirit, ajali ile ipo, imesimuliwa na yule yule aliyeipata na kuchangia kuisababisha. Miaka yangu yote ziwani sijasikia kapteni akisimama mbele ya wafiwa akasema: nilipakia kupita kiasi, ni mimi. Nimesikia "ziwa lilichafuka." Nimesikia "ni mapenzi ya Mungu." Nimesikia kwamba kulikuwa na mchawi ndani.

Mtu ataniambia kazi ya kupima mizigo ni ya serikali. Sawa, ni ya serikali, na naidai kila siku. Lakini nimeshuhudia abiria wakimzomea mtu aliyethubutu kuuliza jaketi za kuokoa maisha ziko wapi. Walimwambia anawaletea mkosi. Waliomzomea hawakuwa serikali. Walikuwa sisi, kwa umoja wetu.

Wala sina ugomvi na umoja wa kweli. Baba yangu alikuwa mvuvi wa lusenga, ule wavu wa kuchotea. Usiku usio na mwezi walitoka wanne katika mtumbwi mmoja, taa mbele, dagaa tunaowaita ndakala wakipanda kwenye mwanga kama mvua inayonyesha kwenda juu. Mmoja alishika taa, mmoja alishika lusenga, wawili makafi. Anayeshika taa akikosea, wote wanalala njaa na jina lake linatajwa. Hakuna aliyekuwa akisema "tumekosea" wakati aliyekosea anajulikana. Asubuhi mama aliuliza, na baba alijibu: leo ni mimi, nilisinzia. Umoja ule ulisimama juu ya watu wanne ambao kila mmoja angeweza kutoka peke yake na kurudi. Wahenga wa pwani waliosema manahodha wengi chombo huenda mrama hawakuwa wakiwachukia watu. Walikuwa wakitafuta mtu wa kumuuliza.

Jina la mji wetu limewahi kubebwa na chombo kimoja kinachojulikana, nacho ni ile meli ya kifahari ya Mobutu Sese Seko kwenye mto Kongo. Aliiita Kamanyola kwa kumbukumbu ya mapigano ya Juni 1964 hapa kwetu, ambayo aliyafanya kuwa msingi wa sifa zake za kijeshi. Wazee wetu bado wanalitaja jambo hilo kwa fahari, nami nimekaa nao nikawasikiliza. Fahari ya nini? Ndani ya meli ile hakuwa peke yake. Kulikuwa na mawaziri, walinzi, wapishi, wageni wa heshima, wapiga makofi. Aliitawala nchi zaidi ya miaka 31 akizungukwa na watu hivyo hivyo, na nchi ikaenda mrama hadi ilipogonga mwamba, na katika umati ule hakutoka mmoja aliyeshika kalamu akaandika: hapa tuliacha njia, na aliyeshika usukani ni mimi. Mkinilazimisha kuchagua kati ya Kamanyola ile na mashua ya msichana wa miaka 18, watoto wangu nitawapandisha mashua.

Imebaki ile hoja kwamba haya ni mambo ya wazungu na ya matajiri. Kuhusu uzungu, nina neno fupi. Miongoni mwa nathari za kwanza za Kiswahili kuchapishwa ni masimulizi ya safari. Selemani bin Mwenye Chande alisimulia "Safari yangu ya bara Afrika", ikatoka katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokusanya Carl Velten mwaka 1901. Tippu Tip, ambaye nyayo zake katika Kongo ya mashariki ni za damu na ambaye simsifu, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na ni maisha ya njiani. Mtu kusema "safari yangu" na kuiwajibikia kwa kalamu ni jambo la lugha hii tangu zamani. Na New York yenyewe, bandari aliyotokea Aebi, ilipokea jahazi la Sayyid Said, Sultana, tarehe 30 Aprili 1840, lililotokea Unguja chini ya Ahmad bin Naaman na karafuu na pembe zake, miaka 145 kabla msichana huyo hajapandisha tanga.

Tulichokosa ni kalamu upande wetu huu wa ziwa. Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira wakitafuta chanzo cha Nile, wakitumaini mto wetu unatoka ziwani kwenda kaskazini. Vijana watatu, watoto wa chifu wa Uvira, waliwaambia ukweli: Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Dunia haikutosheka na neno lao. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji kuja kuona kwa macho yao, wakakuta maji yanaingia. Miaka 13 kwa jambo ambalo mtoto yeyote anayeoga mtoni Kamanyola angelionyesha kwa kidole. Jina la Burton lipo, la Speke lipo, ya Livingstone na Stanley yapo. Wale vijana watatu wametajwa kama watoto wa baba yao. Walikuwa pamoja, walikuwa wengi, walikuwa na ukweli, na hawakuandika.

Kuhusu utajiri, nakubali nusu. Aebi alinunuliwa mashua na baba yake. Watson alikuwa na wafadhili. Mtoto wa Kamanyola, ambaye mama yake anavuka mpaka alfajiri na beseni la nyanya kwenda Bugarama, hatapewa mashua, na mwalimu anayemwambia atapewa ni mwongo. Mimi sikuwasomea ili wapate mashua. Kitu ninachokitaka kutoka kwenye kitabu kile ni batli, daftari la chombo, na daftari linapatikana sokoni kwetu kwa faranga chache. Wale vijana wawili wa pikipiki wameanza lao. Wanaandika saa ya kuondoka, petroli, breki zilivyo, abiria wangapi. Mmoja ameandika: "Leo nilibeba watatu. Ni kosa." Hakuna aliyemwamuru kuliandika. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kupata insha yenye sentensi bora kuliko hiyo.

Wanasema namfundisha mtoto kuondoka. Watoto wetu wanaondoka hata nikinyamaza. Wanakwenda Bukavu, wanakwenda Lubumbashi, wanakwenda machimboni Misisi, wanarudi kambini Nyarugusu kila barabara inapofungwa na bunduki. Wanaondoka usiku, bila kumwambia mtu, bila kuandika walipofikia. Kama wangekuwa wamesoma jinsi Aebi alivyotengeneza orodha yake ya chakula na alivyotuma habari nyumbani kutoka kila bandari, ningelala usingizi mzuri zaidi, na mama zao pia.

Na sasa swali la yule baba wa nne. Ninaye binti, ana miaka 16, na alikuwa mmoja wa wasikilizaji. Likizo iliyopita alitakiwa kwenda Baraka kwa shangazi yake. Nilimsindikiza hadi Kalundu kwa gari la abiria, kilomita themanini hivi, tukafika boti limeshajaa. Alipanda, akasimama juu ya mizigo, na nikamwona anahesabu kwa kidole. Kisha akamuuliza aliyekuwa akipokea nauli jaketi za kuokoa maisha ni ngapi. Yule kijana akamjibu: "Mungu yupo, dada, kaa." Binti yangu akachukua mfuko wake akashuka. Watu wakacheka. Mama mmoja wa makamo akamwambia mtoto wa shule anajifanya mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshalipa nauli, na faranga zile hazikurudi.

Boti lile lilifika Baraka salama, tulipata habari kesho yake. Wapo waliokuja nyumbani kunieleza hilo kama ushindi. Sikubishana nao. Nilikwenda kwa yule baba na daftari la binti yangu, nikamfungulia ukurasa wa siku ile ajisomee mwenyewe: Kalundu, saa 4 asubuhi, upepo wa kusini, mawimbi yanavunjika nje ya bandari. Watu niliowahesabu 94. Jaketi 11. Sikupanda.